Barua ya wazi kwa wakuu wa soka la Marekani: Faru wa Rochester hawakufia uwanjani

Kwa wakuu wa Shirikisho la Soka la Marekani,
Wakuu wa MLS, ligi kuu, na USL, ligi za madaraja ya chini yake,
Meya na madiwani wa Jiji la Rochester, New York.

YAH: ROCHESTER RHINOS, MABINGWA WA KOMBE LA WAZI LA MAREKANI 1999

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua ya kikazi, na hii kwangu ni ya kikazi, ingawa anayeiandika ni mfanya usafi wa zamu ya usiku ambaye mpira haujawahi kumlipa hata senti. Najua wengi wenu hamsomi Kiswahili. Binti yangu amekubali kuwatafsiria, kwa sharti kwamba nipunguze maneno makali. Nimepunguza kidogo.

Nilifika Rochester mwaka 1998, mwezi wa tatu, kwa ile bahati nasibu ya viza, nimevaa koti la kuazima na viatu vya ngozi ambavyo theluji iliviua wiki ya kwanza. Natoka Mwanza. Mtu wa Mwanza ukimpeleka mji mgeni atauliza kwanza ziwa liko wapi. Wakanipeleka Ontario, nikalitazama, nikakubali kwamba ni ziwa, ila sato hakuna. Swali la pili likawa la mpira. Mkongomani mmoja tuliyekuwa tukibeba naye maboksi kwenye ghala akacheka, akaniambia, "Ndugu yangu, huku kuko faru."

Jumamosi akanipeleka Frontier Field. Ule ni uwanja wa besiboli, waheshimiwa, na mtu aliyekulia CCM Kirumba akiingia pale anajiuliza goli wameliweka wapi. Majukwaa yote yamepinda kuelekea kona moja, pale anaposimama mpiga gongo, kwa hiyo ukikaa upande fulani goli la pili unalitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nyuma kuna mnara wa Kodak, ile kampuni ya filamu za kamera. Mahali palipokuwa na udongo wa besiboli mpira ulidunda kivyake, na mabeki wetu walijua, na mabeki wa wageni hawakujua. Lakini watu walijaa. Miaka ile timu ile ya daraja la pili ilikuwa ikiingiza wastani wa zaidi ya watu 10,000 kwa mechi, kuliko baadhi ya timu za MLS yenyewe. Nilinunua skafu yenye kichwa cha faru kabla sijanunua sufuria ya pili.

Timu ilikuwa bado changa. Ilianzishwa 1996 kwa jina la Rochester Raging Rhinos, faru wenye hasira, ikicheza A-League, ngazi moja chini ya MLS. Msimu wa kwanza tu ikafika fainali mbili: ya ligi yake ikafungwa na Seattle Sounders, ya Kombe la Wazi, linalokutanisha timu za madaraja yote, ikalala 3-0 kwa D.C. United. Ubingwa wa A-League ikaubeba 1998, 2000 na 2001. Wazee wa mji walifurahi kwa tahadhari. Walikuwa wamewahi kupenda wakaachwa: Rochester Lancers walikuwa mabingwa wa NASL, ligi kuu ya enzi hizo, mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakacheza na Dallas Tornado mechi ya dakika 176, mpaka Carlos Metidieri akafunga na watu wakaruhusiwa kwenda kulala. Timu ile ikafa 1980. Uwanja wake, Holleder, ukavunjwa 1985. Kwa hiyo mzee wa jukwaani akishaisifu Rhinos, alimalizia kwa kuuliza itadumu miaka mingapi. Mimi niliona ni uzee unaosema.

Sasa niwaeleze usiku wa Jumanne, 14 Septemba 1999. Nilikuwa zamu, kwenye korido ya jengo la ofisi, natembeza mashine ya kung'arisha sakafu. Ile mashine ukiiwasha husikii kitu kingine duniani. Mlinzi wa zamu, Mmarekani mtu mzima, alikuwa na mdogo wake uwanjani kule Columbus, Ohio, mwenye simu ya mkononi kubwa kama tofali. Tukapatana. Tukifunga, mlinzi azime taa za korido mara moja. Tukifungwa, mara mbili. Nikang'arisha sakafu ile mpaka ikawa kama maji, macho juu kwenye taa. Zikazimika. Zikawaka. Nikasimama pale, mashine inanguruma, nikisubiri zizimike tena, na hazikuzimika. Doug Miller alikuwa amefunga. Baadaye zikazimika tena, mara moja tu, na nikajua bila kuambiwa. Yari Allnutt, 2-0.

Tuliowafunga ni Colorado Rapids wa MLS. Kabla yao tulishawatoa Chicago Fire 1-0, watu ambao mwaka uliotangulia walibeba ligi na kombe hilohilo. Kisha Dallas Burn 2-1. Kisha Columbus Crew 3-2. Timu nne za ligi kuu kwa mpigo, na kikosi cha kocha Pat Ercoli kilikuwa cha daraja la pili. Tangu MLS ianze 1996, hakuna timu nyingine ya nje ya ligi hiyo iliyolibeba kombe hilo. Charleston Battery walifika fainali 2008, Sacramento Republic wakafika 2022, wote wakarudi mikono mitupu. Kwa hiyo mtu akiniambia Rhinos ilikuwa klabu ndogo, namwomba anitajie nyingine.

Kulipokucha nikamwuliza mlinzi: basi mwakani tunacheza MLS? Akanitazama kama niliyeuliza kama mwakani kutakuwa na Krismasi mbili. Hapo ndipo nilipoelezwa, na ndipo ugomvi wangu nanyi ulipoanza. Kwenu nafasi ya ligi kuu haishindaniwi, inanunuliwa. Mwaka 2023 San Diego walikubali kulipa dola milioni 500 ili waingie, na hawakuwa wamecheza hata mechi moja. Sisi tulikuwa na kombe, na watu wa kujaza uwanja. Bei hatukuwa nayo.

Wenye timu wakaona kama mlango haufunguki kwa magoli, basi labda utafunguka kwa zege. Juni 2006 ukafunguliwa uwanja wa mpira tupu, viti 13,768, mtaa wa Oak, mwendo mfupi tu kutoka Frontier Field, na mamilioni ya dola ya jimbo la New York yakaingia humo. Ukaitwa PAETEC Park. MLS haikuja. Ilipofika 2008 uwanja ulikamatwa kwa madeni, klabu ikapata mmiliki mwingine, na tangu hapo wamiliki wakawa wanapokezana kama zamu zetu za usiku. Jina la uwanja nalo: Marina Auto, Sahlen's, Capelli Sport. Mke wangu aliacha kufuatilia, akawa anasema tu "kule kwenu".

Na msiniambie mji huu ulichoka mpira. Tarehe 20 Julai 2011, siku tatu tu baada ya fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Abby Wambach, mtoto wa hapahapa, alikuja na timu yake ya magicJack kucheza na Western New York Flash, timu ya wanawake ya hapa kwetu. Wakaingia watu 15,404 kwenye uwanja wenye viti pungufu ya hivyo. Wengine tulisimama dakika zote tisini, na mwanangu akiwa shingoni. Flash walikuwa mabingwa wa ligi mwaka huo, wakawa mabingwa tena 2016, safari hii wa NWSL, ligi mpya ya wanawake. Zawadi yao? Januari 2017 leseni ikauzwa, timu ikahamia North Carolina. Na Rhinos, ambao 2015 walichukua ubingwa wa USL baada ya kufungwa mechi moja tu katika 28 za msimu, mwisho wa mwaka huohuo wa 2017 wakatangaza kwamba mwakani hawachezi. Kupumzika, walisema. Timu ya mpira inapumzika kama duka la mtu aliyefilisika.

Tulikaa hivyo mpaka 2021, pale Jamie Vardy wa Leicester City alipotangazwa kuwa mmoja wa wenye klabu. Nilifurahi, sitaficha. Huyu ni mtu aliyeanzia Stocksbridge Park Steels, timu ya mtaani, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka akawa bingwa wa Uingereza 2016. Nikasema huyu anajua. Kumbe alichonunua kilikuwa hakina ngazi. Mwaka 2022 timu ikarudi kwa jina la Rochester New York FC. Lile jina la faru likatupwa. Ikawekwa MLS Next Pro, ligi ya timu 21 ambamo 20 zilikuwa vikosi vya akiba vya MLS na moja tu, yetu, ilikuwa klabu inayojitegemea. Haikuchezea hata uwanja wetu; ilichezea kiwanja cha chuo, Monroe Community College. Machi 2023 ikafungwa kabisa. Msimu mmoja tu. Taarifa niliisoma kwenye simu ndani ya basi la alfajiri, na dereva alikuwa akipiga honi kwa gari la theluji lililoziba njia.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa ninyi wa Shirikisho. Klabu hii haikushindwa mpira. Kila ilipokufa ilifia kwenye mfuko wa mtu. Na dawa ya ugonjwa huo ilikuwa jirani, uwanja uleule.

Ule uwanja uliokuwa ukiitwa Frontier Field mwenyeji wake ni Rochester Red Wings, timu ya besiboli. Baada ya msimu wa 1956 waliokuwa wenye timu, St. Louis Cardinals, walitaka kuondoka mjini. Mfanyabiashara mmoja wa hapa, Morrie Silver, akawahamasisha watu wa mji kununua hisa, na mwaka 1957 timu ikanunuliwa na wenyeji 8,222. Wauza duka, walimu, watu wa Kodak, kila mtu na kihisa chake. Viwanda vimekuja vimeondoka. Kodak yenyewe, iliyowahi kuajiri zaidi ya watu 60,000 mjini hapa, imebaki mnara. Red Wings bado wanacheza. Hakuna tajiri wa kuamka siku moja akasema amechoka, kwa sababu wenye timu wakichoka huenda nyumbani, wakarudi mechi ijayo. Na msimu ule wa kwanza wa 1996 faru walianzia wapi? Silver Stadium, mtaa wa Norton, uwanja uliopewa jina la huyohuyo Silver! Somo lilikuwa limeandikwa getini na sote tukalipita kukimbilia tiketi. Nami nimo: nilikaa miaka nikishangilia, sikuwahi kuuliza timu ni ya nani.

Kanuni zenu za ligi za kulipwa zinataka mmiliki mkuu awe na utajiri wa dola milioni 40 kwa daraja la kwanza, 20 kwa la pili, 10 kwa la tatu, na awe na asilimia 35 ya klabu walau. Naelewa mlichokikwepa, mlishaona timu zikifa katikati ya msimu. Lakini tazameni kanuni hiyo inavyofanya kazi. Inalazimisha klabu itafute mtu mmoja mzito imning'inie. Siku akiondoka, au akitaka jina jipya, au akiona hesabu hazimpendezi, mtaa mzima hauna la kusema. Wale 8,222 wa Silver, kwa kipimo chenu, wasingefaa, maana sidhani kama alikuwepo hata mmoja mwenye milioni kumi. Chattanooga FC mwaka 2019 walianza kuwauzia mashabiki wao hisa na wakawapata maelfu. Kwa hiyo si ndoto ya Mwafrika aliyelewa.

Niwape na mfano wa kwetu, kwa sababu naona aibu kila nikiulinganisha. Mwanza kuna timu inaitwa Pamba. Jina ni la zao, kama vile Rochester jina lake la pili ni Kodak. Mwaka 1990 Pamba walikuwa mabingwa wa Tanzania; kaka zangu waliimba mpaka sauti zikakata. Mwaka 2001 wakashuka daraja. Zao la pamba lenyewe bei zikawa zinapanda zinashuka, wachezaji wakaondoka, timu ikazama madaraja ambayo hata redioni hayatangazwi. Lakini haikufutwa, na ngazi ilikuwepo. Halmashauri ya jiji ikaibeba, ndiyo maana leo inaitwa Pamba Jiji, na msimu wa 2024/25 ikarudi Ligi Kuu. Zaidi ya miaka ishirini! Nilimpigia kaka yangu siku ile. Tulikuwa tunacheka tu, hakuna aliyekuwa anaongea. Halmashauri ya Mwanza, waheshimiwa madiwani wa Rochester, haina bajeti ya kulinganisha na yenu. Na sisemi Pamba iliendeshwa vizuri miaka yote hiyo, maana mengine yalikuwa vichekesho. Nasema ilikuwa na mahali pa kurudi.

Ninayoomba si mengi. Shirikisho mfungue mlango wa pili kwenye kanuni hizo, klabu ya wanachama ipimwe kwa mfuko wa pamoja na mahesabu yaliyo wazi, isipimwe kwa tajiri mmoja. Jina, nembo na kumbukumbu za mataji zisiwe mali ya mwenye leseni, za kubeba akiondoka. Zibaki za mji, na mtu asizibadilishe bila kuwauliza wanaokaa jukwaani. Wenye timu wa USL mlipiga kura Machi 2025 kukubali kupanda na kushuka daraja. Nawapongeza, tena kwa mikono miwili, lakini nitaamini siku nitakapoona timu inashuka na mwenye nayo hajaenda mahakamani.

MLS, kwenu ni kombe. Desemba 2023 mlitangaza kwamba Kombe la Wazi mtalipelekea vikosi vyenu vya Next Pro badala ya timu za wakubwa. Shirikisho likakataa, na mwisho wa mvutano 2024 zikaja timu zenu nane. Mwaka uliofuata 16. Kombe hili lipo tangu 1914. Faru waliwatoa wanne kati yenu, wakubwa kwa wakubwa, na ndiyo maana usiku ule taa zilizimika na kuwaka na mimi ninazikumbuka mpaka leo. Mkibaki nyumbani, kijana wa timu ya daraja la tatu atamfunga nani? Njooni wote.

Na ninyi wa Jiji. Majuzi, Jumapili mchana, nilipita mtaa wa Oak kwa miguu. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu. Nje ya uzio, kwenye maegesho, vijana kama wanane walikuwa wakicheza, magoli ni makoti mawili, na nilisikia mmoja akimfokea mwenzake, "Leta mupira, weye!" Watoto wa Kongo hao, pengine na wa Burundi. Nikawauliza kama wanawajua Rhinos. Mmoja akauliza kama ni timu ya Fortnite. Sikukasirika, atajulia wapi? Pale nje hakuna ubao, hakuna picha, hakuna hata tarehe ya 14 Septemba 1999 iliyochorwa ukutani. Hilo halihitaji ligi wala tajiri. Linahitaji fundi, ngazi na rangi, na kama tatizo ni mtu wa kupanda ngazi, mimi kwa kazi yangu nimeizoea.

Jibu likipatikana, naomba msipige simu kabla ya saa nane mchana kwa saa za huku, nakuwa nimelala. Mke wangu atapokea, lakini atawaambia hayo ni mambo ya kule kwetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mshabiki wa faru tangu 1998,
Rochester, New York.

Nakala: Mkongomani wa ghalani aliyenilipia tiketi ya kwanza, popote alipo. Bado namdai sufuria.